Goti Likigusa Chini

Jumanne, 17 Januari 1995
Muhula umeanza na mvua, na bati la bweni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Mkuu wa shule anasema mafundi wanakuja. Mwaka jana pia walikuwa wanakuja. Nimeazimia kuandika kila siku mwaka huu, maana siwezi kuwadai wanafunzi insha kila wiki na mimi mwenyewe siandiki hata barua.

Jumatano, 18 Januari
Mvua. Sina la kuandika.

Jumamosi, 21 Januari
Bruda Leonard ametukusanya walimu vijana na kidato cha sita uwanjani, akatoa kwenye begi lake kitu kama papai bichi. Ndio mpira wenyewe. Bruda ni Mmarekani, anatufundishia fizikia, na alipokuwa chuoni kwao aliucheza miaka yote mpaka goti likamharibikia. Anasema kwao huo ndio mpira wa miguu. Mwalimu Romanus akauliza mbona unashikwa kwa mikono. Bruda akacheka tu.

Nimeuelewa hivi. Unaukumbatia mpira kama mwizi wa kuku, unakimbia mbele, wenzako wanakukinga, wapinzani wanakudaka wakuangushe. Ukiuvusha mstari wa mwisho, mmepata pointi sita. Ukiangushwa njiani, mnaanzia hapo ulipoangukia, na mnapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, la sivyo mnawapa wenzenu. Kuna na kurushiana, lakini hilo bado linatupiga chenga.

Jambo moja Bruda alilirudia mpaka tukalikariri: goti likigusa chini, mpira umekufa. Hata kama hakuna aliyekugusa. Hata kama umejikwaa mwenyewe. Uwanja wetu ulikuwa shamba la ngolo, kilimo cha mashimo cha huku mlimani, na mashimo hayajajaa vizuri, basi tulijikwaa kila baada ya hatua tatu na mpira ulikufa kutwa nzima. Wanafunzi wameshaupa jina, mpira yai.

Mimi ndiye mwenye mbio kuliko wote. Romanus hakufurahi.

Jumamosi, 11 Februari
Tumeshuka Mbinga mjini kwenye mnada wa mitumba kutafuta jezi. Tangu biashara iwe huria marobota yanafika mpaka huku, na usilolijua la Amerika utalijulia kwenye robota. Tulipata fulana pana zenye namba kubwa kifuani, mabega yake unaweza kuingiza watu wawili. Romanus alizilipia nyingi yeye. Baba yake ameuza kahawa kwa mnunuzi binafsi, na tangu hapo hatupumui kwa majigambo yake.

Njiani kurudi akaniuliza, "Na mzee wako wewe Mnyasa, anashughulika na nini huko ziwani kwenye dagaa wenu wa usipa?"

Nikasema usafiri wa majini.

"Ana meli?"

"Vyombo vidogo vidogo."

Akaniangalia kwa heshima. Baba yangu anachonga mitumbwi. Anakaa kutwa juu ya gogo na tezo mkononi, suruali imejaa vumbi la mti, na mguu mmoja ni mbovu tangu gogo lilipombiringikia nikiwa darasa la nne. Ada yangu yote ilitoka kwenye magogo hayo. Sikusema uongo kamili, ila nilipofika nyumbani sikuwa na hamu ya chakula.

Ijumaa, 24 Februari
Mvua, na mende kwenye unga.

Jumamosi, 4 Machi
Habari kubwa. Bruda amekuwa akizungumza kwa redio ya mawasiliano na Mmarekani mwenzake aliyeko ziwani, Bwana Walter, wa mradi wa visima vya Waanglikana. Naye kumbe amewafundisha vijana wa kwetu mpira yai! Tutashuka kucheza nao Jumatatu ya Pasaka.

Bruda alitoka chumba cha redio amewiva uso. Walter, anasema, hakucheza chuoni. Yeye ni mtazamaji wa wale wanaolipwa, ana deki ya video na kanda na jenereta, na vijana wake amewafundisha sheria za wanaolipwa. Nikauliza kwani sheria ni mbili? Nilikuwa sijawahi kumwona Bruda amekasirika hivyo. Ni mbili, akasema, na moja ni ya biashara. Mwisho walikubaliana kwamba mwenyeji ndiye mwenye sheria, tukienda kwao tutacheza ya kwao.

Kwa kuwa ziwani ni kwetu na Kiingereza ndicho ninachofundisha, nimepewa kazi ya kuwafundisha wenzangu tofauti. Sisi ukidaka mpira wa kurushwa karibu na mstari wa pembeni, mguu mmoja ukiwa ndani unatosha. Wao wanataka yote miwili. Sisi tukipata zile yadi kumi saa inasimama kidogo tupumue; ya kwao inakwenda tu. Na kubwa kuliko zote ni goti. Kwao goti halikuui. Ukianguka bila kuguswa na mpinzani, unainuka unaendelea na safari. Mpaka akuguse.

Romanus akasema hiyo ni sheria ya watu wa majini, wanaanguka wakipenda.

Jumamosi, 18 Machi
Nimewafanyisha zoezi mchana mzima. Mtu anajiangusha, naita "Hujaguswa! Inuka!" na bado anabaki chini ananiangalia kama ng'ombe. Mwili ukishazoea sheria moja hautaki nyingine. Nimewaimbisha: goti haliui, mkono ndio unaoua. Wanafunzi wa bweni la pili sasa wanauimba wakienda kuchota maji. Mimi sheria hiyo nimeishika kabisa.

Jumapili, 2 Aprili
Dada yangu Ottilia ametuma salamu kwa mchuuzi wa usipa. Baba amesikia nakuja. Kanunua kuku. Anawaambia watu wote kwamba Mwalimu anakuja kucheza mpira wa Wazungu. Tangu nihitimu chuo cha ualimu haniiti Dastan tena.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka
Tumeshuka na lori la misheni baada ya Misa. Tulikwama mara mbili mlimani, tukasukuma, tukafika jua linaelekea kuzama nyuma ya milima ya ng'ambo. Watu wamejaa kutupokea.

Baba alikuwa mbele yao. Alivaa lile koti la kahawia la harusi ya Ottilia, na chini ya koti, kaptura. Miguu imejaa vumbi la mti. Alikuwa anatabasamu, ananyoosha shingo kunitafuta kati ya watu garini.

Romanus akanigusa kiwiko. "Yule babu wa koti anakujua? Anakutazama wewe."

Nikasema, "Ni mzee mmoja wa hapahapa. Anapenda wageni."

Nikashukia upande wa pili wa lori. Nilimtuma mtoto akamwambie kwamba tunalala pamoja kambini kwa amri ya Bruda, nitakuja kumsalimia mechi ikiisha. Bruda hakutoa amri yoyote. Nilimruka baba yangu kimanga, Jumapili ya Pasaka, na tulipoitwa kula nilikula vizuri tu.

Jumatatu, 17 Aprili
Nitaandika yote kama yalivyokwenda.

Uwanja wa huku ni mchanga, kati ya kanisa na ziwa, na hakuna kamba, watu wanasimama kwenye mstari wenyewe. Vijana wa Bwana Walter wanacheza vizuri kuliko sisi, lazima niseme. Mara mbili wenzangu walijikwaa, wakabaki chini wakingoja filimbi, na watoto wa ziwani wakaja kuwagusa kwa kidole kimoja huku wakicheka. Niliwapigia kelele mpaka sauti ikakauka. Goti haliui! Nilimwita Romanus mjinga mbele ya watu.

Dakika za mwisho walituzidi kwa pointi nne. Saa ya huku haisimami. Romanus akanikabidhi mpira mkononi, nikatoka nao upande wa kushoto, upande wa ziwa. Mmoja nikampiga chenga. Wa pili aliteleza. Nikasikia nyayo za mmoja tu nyuma yangu, na mbele ni mchanga mtupu mpaka mstari.

Hapo nikamwona baba. Alikuwa amevuka mstari, yumo ndani ya uwanja, koti lilelile, mkono wa kulia ameunyoosha. Hakutaka kunizuia. Alikuwa anakuja kusalimiwa. Mtu amesubiri salamu ya mwanawe tangu jana, sasa anamwona anakuja mbio upande wake, angefikiri nini kingine? Alikuwa anaita, "Mwalimu! Mwalimu!"

Aliponiona sipunguzi mwendo akajaribu kurudi nyuma. Mguu ule ukamkatalia. Akaanguka chali, amelala kukatiza njia yangu.

Nikamruka.

Nilitua upande wa pili, nikakimbia mpaka mwisho, nikavuka mstari, nikanyanyua mikono. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipogeuka nikaona kwamba nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kijana aliyekuwa akinifukuza, anaitwa Nazari, alikuwa ameacha zamani. Amepiga magoti mchangani, anamwinua baba yangu, anampangusa koti.

Wamarekani walibishana kwa Kiingereza, kisha wakakubaliana kwamba pointi ni halali kwa kuwa hakuna aliyenigusa. Tumeshinda.

Romanus akaja kunipiga mgongoni. "Mnyasa, una mbio! Na kile kibabu nusura kituharibie."

Ottilia alikuwa ameshafika. Alikatiza uwanja mzima peku, khanga imemfunguka, hakujali. Hakupaza sauti. "Dastan, umemruka baba."

Romanus akanitazama. "Baba?"

Kwetu hata miguu ya mtoto aliyelala huiruki, unazunguka, na ukikosea unarudi kinyumenyume kuutengua mruko. Sembuse mzazi. Na neno hilohilo ndilo tunalosema juu ya mtu aliyemkana ndugu yake. Ottilia hakuhitaji kuchagua maana.

Sijui nilikuwa nawaza nini.

Jumanne, 18 Aprili
Asubuhi kabla ya lori nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amekaa juu ya gogo lililochongwa nusu, kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa. Tezo alikuwa ameiweka kando, maana mkono hauwezi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mwalimu. Mmeamkaje huko kambini?"

Aliuliza vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza. Laiti angenitukana. Nilisimama pale na maneno yakaja yenyewe, laini, kama ninayoyatoa darasani.

"Baba, jana unisamehe. Ni sheria za mchezo. Goti likigusa chini, mpira unakufa. Ningeinama kukuinua, kazi yote ya wenzangu ingekwisha palepale."

Alifikiri. Kisha uso ukamfunguka, nikaona jinsi alivyokuwa hajalala.

"Kumbe ilikuwa sheria!"

"Ndiyo, baba."

"Ottilia! Njoo usikie. Ilikuwa sheria. Goti likigusa, basi." Akanishika bega kwa mkono ule mzima. "Na mimi mzee mjinga naingia uwanjani. Ningekuponza bure, mwanangu."

Ottilia alisimama mlangoni na sufuria ya kuku. Hajui sheria zozote za mpira yai. Alinitazama tu. Nilikula paja nililopewa. Sikujua nitalikataaje.

Jumamosi, 22 Aprili
Mvua zinapungua. Romanus amekuwa mpole kwangu, na upole wake siutaki.

Jumamosi, 29 Aprili
Ottilia amekuja Mbinga kuuza usipa, nami nikamkuta sokoni. Hakunipa salamu za baba. Alimpimia mteja mwingine kwanza, kisha akasema, "Wanamcheka."

"Nani?"

"Baba. Vijana wale wa Bwana Walter. Baba anamweleza kila mtu ile sheria yako. Kisimani, kanisani, hata kwa watu wa meli. Goti likigusa, mpira umekufa, mwanangu angefanyaje. Sasa wale wanaocheza wanamwambia babu, siyo, hapa kwetu goti haliui. Anawaka! Anasema Mwalimu ndiye anayezifundisha sheria hizo, nyinyi mnajua nini. Juzi wameanguka mbele yake makusudi, wanainuka, wanaanguka, wanainuka. Watu wakacheka. Hajaenda kisimani tena." Akafunga kibaba cha mtu. "Nazari hacheki. Lakini nilimuuliza, na hakunificha."

Kisha akaniinulia macho.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi njoo umwambie kweli mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nimekaa na kalamu tangu nirudi. Tarehe 17 niliandika kwamba sijui nilikuwa nawaza nini. Najua sana. Sikuchanganya sheria. Wala sikuwaza kushinda. Niliwaza kwamba nikiinama, Romanus ataniona nimeshikana mkono na yule mzee wa kaptura, atauliza, na nitalazimika kujibu. Basi. Katika sekunde ile, Nazari akiwa ameshaacha kunifukuza, nilikuwa na nafasi ya kupiga goti, kumwinua baba, kumpa shikamoo yake, kisha nikatembea, siyo nikakimbia, nikatembea mpaka mstarini na pointi zangu sita. Sheria ya pale ilinipa yote mawili. Moja sikulitaka.

Nimeona aibu maishani, lakini nyingi zilikuwa za kuonwa na watu. Hii hakuna anayeitazama, na ndiyo imenikalia vibaya zaidi.

Jumatatu, 1 Mei
Nimepata lifti ya lori la mbao, nikafika saa sita. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba peke yake, mkono umepona, anamalizia mtumbwi ule. Nikatoa shikamoo kwa goti moja chini kama nilivyofundishwa utotoni. Akaitikia, akaniuliza habari za njia.

Nikamwambia. Nikasema, baba, sheria niliyokwambia ni ya kule mlimani. Siku ile tulicheza ya hapa. Hapa goti haliui mpira. Vijana wanasema kweli. Ningeweza kukuinua.

Aliendelea kuchonga kidogo, taratibu, kisha akaacha.

"Ulisahau, basi. Watu wanasahau."

Pale angalau ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimekuja kusema kweli, nami nikajiona mtu mzuri kwa kuisema.

"Sikusahau."

"Kama siyo sheria, na hukusahau, ilikuwa nini?"

Nikamwambia na hilo. Koti, kaptura, Romanus, lori. Usafiri wa majini. Nilimwambia vyote, na kadiri nilivyosema nilihisi napata nafuu, kama mtu anayetua mzigo, na sikuangalia nautua wapi.

Baba aliitazama kaptura yake. Aliitazama kwa muda, kama ameletewa. Akapangusa vumbi la mti gotini kwa kiganja.

"Mwalimu," akasema, "ungeniacha na sheria yangu."

"Wanakucheka, baba."

"Wananicheka kwa sababu mimi sijui mpira. Hilo linanipunguzia nini? Mimi siyo mchezaji." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilikuwa na sheria. Ilikuwa inanitosha. Sasa umekuja kunipokonya upate usingizi wewe."

Akachukua tezo akaendelea. Nimelala kwenye mkeka chumba cha mbele. Ottilia amenipa chakula bila neno.

Jumanne, 2 Mei
Leo mtumbwi umeshushwa majini. Kazi hiyo haina ujira, vijana wa kijiji wanakuja, wanafunga kamba, wanavuta kwa wimbo mpaka ziwani, kisha wanapewa togwa. Walikuja karibu timu nzima ya Bwana Walter, Nazari akiwa mbele. Baba alivaa lile koti. Chini, alivaa suruali ndefu. Ni ya marehemu shemeji, mume wa Ottilia, ndefu mno, ameikunja mara mbili. Nilipoiona nilitamani kurudi mlimani kwa miguu.

Walipopumzika nusu ya njia, mmoja akaanza utani. Akajifanya ameteleza na kamba, akaanguka goti moja, akainuka. "Babu, vipi, nimekufa?" Wengine wakacheka, hawakuwa na ubaya, ni utani wa vijana kwa babu yao.

Baba alijinyoosha. "Umekufa," akasema. "Goti likigusa chini, mpira umekufa. Nimewaambia mara ngapi?"

"Siyo hapa kwetu, babu!"

"Ni hapa hapa. Muulizeni Mwalimu mwenyewe, si huyu amesimama? Ndiye anayefundisha sheria hizo." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, hayakuniomba kitu. "Waambie, Mwalimu. Siku ile ungeweza kuniinua?"

Wote wakanigeukia. Ottilia alikuwa na mtungi wa togwa mikononi.

Jana niliona kusema kweli ni kazi ngumu. Ilikuwa nyepesi kuliko hii.

"Nisingeweza," nikasema. "Goti likigusa, mpira umekufa. Ni sheria."

Hawa ni wachezaji, kila mmoja anajua nilichosema ni nini. Yule wa utani akafungua kinywa, Nazari akamshika mkono. Kisha Nazari akanitazama mimi, akamtazama baba, na koti, na ile suruali iliyokunjwa. Akainamisha kichwa.

"Basi tulikosea sisi, babu," akasema. "Utusamehe."

"Mtajifunza tu," baba akasema. "Haya, vuteni."

Yeye ndiye aliyemwinua baba yangu mchangani, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Nikashika kamba nyuma yake nikavuta nao, maana baba alikuwa amesimama pembeni ananitazama aone kama nitavuta.